Fundi Aliyejipaka Uzee

Nimewaona wanawake wengi wa Kibera wakipambana na umri, nami ni mmoja wao. Tumepaka krimu, tumefunga vilemba vya kuficha mvi, tumesema uongo kwenye vikundi vya akina mama. Lakini mtu mmoja tu nimemwona akipambana kutoka upande ule mwingine, akijitahidi kila siku aonekane mzee na kila siku akishindwa. Alikuwa fundi wa nguo, na duka lake lilikuwa Makina, humo humo Kibera, ubavuni mwa kibanda changu cha mboga.

Jina lake silitaji. Kwanza hakupenda litajwe, na pili nilikuja kujua kwamba alikuwa na majina zaidi ya moja, wala sina hakika lipi alipewa na mamake. Sote tulimwita Fundi.

Nilipofika pale kwa mara ya kwanza nilikuwa nimetoka Gatwekera na sukuma wiki zangu kichwani na Akinyi, mtoto wangu wa kwanza, mgongoni. Fundi alinitazama nikihangaika kupanga nyanya juu ya gunia, akaingia ndani, akatoka na meza fupi ya mbao. "Mboga haziuziki chini," alisema. "Mteja akiinama mara moja, mara ya pili hupita." Meza ile nilikaa nayo mpaka ikaliwa na mchwa. Siku hizo tulionekana marika. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na sita, na yeyote angemkadiria yeye hivyo hivyo, labda apunguze mmoja. Watu walituuliza kama tulisoma pamoja. Miaka kumi baadaye waliniuliza kama mimi ni dadake mkubwa. Ikapita mingine kumi, wakawa hawaulizi tena. Walinisalimia mimi kwanza, kwa heshima, kisha wakamtupia yeye "sasa" la haraka.

Hilo lilimuudhi kuliko jambo lolote. Ukitaka kumwona Fundi akiweka mkasi chini, mwite binti. Mzee mmoja wa miaka sitini hivi alikuja kupunguziwa suruali, akaanza kumfundisha maisha. "Binti, nyinyi vijana wa siku hizi hamna subira." Fundi alimtazama juu ya miwani yake kwa muda mrefu. "Panua miguu nipime," akasema, na suruali ile ilipotoka ilikuwa imeshonwa vizuri kama nyingine zote, kwa sababu hasira zake hazikuwahi kuingia kwenye kazi.

Kazi yake hasa ilikuwa sare za shule. Sketi za marinda, kaptura, mashati ya kola ngumu. Januari mstari wa akina mama ulifika hadi kwangu na kuzunguka kibanda. Alikuwa na futi ya kupimia shingoni lakini aliivaa kama pambo. Alimtazama mtoto, akamgeuza kwa kidole, akaandika. Pindo alikunja kubwa, la vidole vinne, na mama aliyelalamika kwamba anapoteza kitambaa alijibiwa kwamba kitambaa hakijapotea, kimelala, na mtoto akirefuka mwaka ujao kitaamka.

Na alikumbuka miili. Mtu mwingine hukumbuka nyuso. Yeye alikumbuka mabega, nyonga, urefu wa shingo. Alimpima mtoto akasema, kama anayejisemea, "Bega la kushoto linashuka kidogo. Hata la nyanya yake lilishuka hivyo." Mama wa mtoto akashtuka. "Nyanya yake? Ulimjua wapi na alikufa nikiwa darasa la tatu?" Fundi akachukua pini mdomoni, akajibu neno lile alilolitumia kila alipoteleza: "Watu husema."

Kuna kondakta mmoja kijana, mwenye meno mazuri na maneno mengi, alileta jaketi lenye zipu iliyokatika.

"Niaje, msupa? Nishonee hii, halafu jioni nikutoe kidogo."

"Vua jaketi," Fundi akamwambia. "Mamako nilimshonea sare ya darasa la kwanza. Alilia mtaa mzima ukasikia kwa sababu nilimchoma na pini hapa, chini ya kwapa."

Kijana akacheka mpaka akashika mlango. Akaenda akasimulia nyumbani kama mzaha. Kesho yake mamake alikuja mwenyewe, mwanamke mnene mwenye heshima zake, akasimama mbele ya cherehani bila kucheka. "Nani alikwambia habari ya ile pini? Mimi sijawahi kumwambia mtu."

"Watu husema," akajibu Fundi, na mguu wake haukusimama kukanyaga.

Mtaani palikuwa na maelezo mengi. Wengine walisema ana krimu kutoka ng'ambo. Wengine walisema ni damu ya kwao tu, wapo watu wasiokunjika. Wachache walinong'ona kwamba ni majini, lakini walinong'ona huku wakimletea watoto wao wapimwe, maana hakuna mwingine aliyeshona kola kama zake.

Mimi nilijua kitu kimoja ambacho wao hawakukijua, na nilikijua kwa bahati. Mvua ya Aprili ilitushika mchana. Fundi alitoka mbio kuingiza cherehani, ile ya chuma nzito, akaikumbatia peke yake kama mtu anavyobeba mtoto aliyelala, akaipitisha mlangoni. Aliporudi kuchukua kitambaa, kilemba kilikuwa kimerudi nyuma, na mvi za kwenye paji la uso zilikuwa zikimteremkia mashavuni kwa michirizi myeupe.

"Fundi," nikamwambia, "mvi zako zinaenda na maji."

Alijigusa usoni, akatazama vidole. Nilidhani atakasirika. Aliketi juu ya robota la kitambaa, akacheka, akacheka mpaka akaanza kukohoa, nami nikacheka naye bila kujua tunacheka nini.

"Ni nini hiyo?"

"Unga wa muhogo. Wa mahindi una chembe, mtu akisogea karibu anaona."

"Na miwani?"

Akanipa. Nikavaa, nikatazama barabara. Vilikuwa vioo vitupu, kama vya dirisha.

Nilimuuliza kwa nini mwanamke mwenye ngozi kama ile ajifanye bibi kizee. Akasema mteja humwamini fundi aliyekomaa kuliko msichana. Jibu lilikuwa na akili na mimi nilikuwa na mboga za kuuza, nikalichukua. Tangu siku ile nikawa ndiye ninayemwambia asubuhi, kupitia tundu la mabati yaliyotutenganisha, kama unga umekaa sawa. "Upande wa kulia umezidi," nilimwambia, naye akapangusa.

Nilipokwisha kujua hilo, nikaanza kuona mengine. Aliketi kama mzee, akishika meza kwa mikono miwili, lakini akiona nguo inataka kuanguka aliidaka kabla haijagusa sakafu. Alilalamikia magoti alipokuwa na watu, na akiwa peke yake alichuchumaa kuokota pini muda mrefu bila kuguna. Alikuwa mkali juu ya ukweli. Hakuchanganya uzi dhaifu na mzuri, wala hakumwambia mtu nguo imempendeza kama haikumpendeza. Na mtu huyo huyo alidanganya juu ya mwili wake tangu alfajiri mpaka jioni. Nilipomtania juu ya hilo alisema, "Kitambaa ni cha watu, Mama Akinyi. Mwili ni wangu." Picha alizikataa kabisa. Mteja akitoa simu, aligeukia ukuta. "Picha hukaa, na mimi hukaa," aliniambia siku moja. "Siku tukikutana tutagombana."

Nyuma ya duka lake aliishi mjane mkongwe, mmoja wa wale Wanubi wa zamani wa Makina, katika nyumba ya udongo aliyojengewa na babake. Sote tulimwita Nyanya. Macho yalikuwa yameanza kumwacha na watoto wake walikuwa wametangulia. Kila alasiri Fundi alifunga duka kidogo akampelekea uji, akamkata kucha, akamkemea. Nyanya alimwita "dada". Sisi tulihurumiana pembeni tukisema umri umemchanganya, anamwita dada msichana wa umri wa mjukuu wake. Siku moja nilipita na kumsikia Fundi akimwambia, "Kunywa uji, wewe mtoto, usinisumbue," na Nyanya akacheka kicheko chembamba cha msichana. Nikajua ni mchezo wao, nikaenda zangu.

Kisha akaja mfanyabiashara. Alikuwa amenunua kiwanja cha jirani na kujenga duka zuri la simenti. Akaleta karatasi iliyosema mpaka wake unapita katikati ya nyumba ya Nyanya: jiko, choo na nusu ya chumba cha kulala viko kwake. Akampa mwezi mmoja abomoe.

Nyanya hakuwa na karatasi. Alichokuwa nacho ni maneno ya babake, kwamba mpaka uliwekwa kwa jiwe la kusagia lililovunjika vipande viwili, nusu moja ikazikwa pembe hii na nusu nyingine pembe ile. Pembe zipi, alikuwa hajui. Alikuwa mtoto mchanga siku hiyo. Wazee walichimba mahali pawili wakapata udongo na chupa kuukuu.

Siku ya tatu ya uchimbaji huo Fundi aliniita dukani kwake. Alikuwa hajakanyaga cherehani tangu asubuhi.

"Waambie wachimbe nyuma ya choo, hatua nne kuelekea kwenye mtaro. Mkono mmoja kwenda chini."

"Umejuaje?"

"Watu husema," akajibu, lakini safari hii hakunitazama.

Nikaenda nikawaambia. Wakachimba, wakatoa nusu ya jiwe la kusagia, limevunjika kwa mshazari. Kina mama wakapiga vigelegele. Mfanyabiashara akalitazama, akasema jiwe ni jiwe tu, Kibera nzima imejaa mawe, na hiyo nusu ya pili iko wapi? Nikarudi kwa Fundi. Akafumba macho. Nusu ya pili, akasema, iko chini ya sakafu mpya ya yule mwanamume, pembeni, karibu na mlango.

Chifu aliita baraza uwanjani. Alikuwa mtu wa taratibu. Alisikiliza pande zote, kisha akasema jambo ambalo hata mimi, kwa hasira zangu, niliona ni haki: hawezi kuvunja sakafu ya mtu kwa tetesi. "Nataka shahidi. Nani aliona kwa macho yake jiwe hilo likizikwa?"

Wote waliokuwa wakubwa siku hiyo wamelala makaburini. Nyanya alikuwa ameketishwa kwenye kiti cha plastiki mbele, mikono juu ya mapaja, akigeuza kichwa huku na huku kufuata sauti. Mfanyabiashara alianza kukunja karatasi zake.

Fundi alikuwa amesimama karibu yangu. Nilihisi mkono wake umeshika kanga yangu kiunoni, kwa nguvu, kama mtu anayevuka daraja bovu. Kisha ukaachia.

"Mimi niliona," akasema.

Watu wakacheka. Kijana mmoja akapiga kelele, "Fundi, wewe ni kadame ka juzi, uliona wapi?" Fundi akatembea mpaka mbele, na hakutembea kama mzee. Akavua miwani akaiweka mezani kwa Chifu. Akavua kilemba, akajipangusa paji la uso nacho mara mbili, na unga ukabaki kwenye nguo. Akasimama juani vile alivyo. Nami niliyekuwa nimemjua miaka ishirini na tisa, nikiwa na mvi zangu halisi na mgongo wangu halisi, nilimwona ni yule yule aliyenitolea meza. Hakuna hata siku moja iliyomgusa. Kicheko kilikoma chenyewe, kuanzia mbele kwenda nyuma.

"Lile jiwe nililivunja mimi," akasema. "Nilikuwa msichana mkubwa, nimeshaposwa. Nilitumwa nisage mtama, na huyu hapa alikuwa mgongoni mwangu, analia. Nikaliinua nilisogeze, likaniponyoka. Nilijua nitapigwa. Babake huyu akatoka, akalitazama, akasema, 'Limepasuka vizuri, nilikuwa natafuta alama ya mpaka.' Akachimba mwenyewe, mimi nikimwangalia. Nusu mliyoitoa ina kishimo kwenye upande uliovunjika. Ile ya chini ya sakafu ina jino linaloingia humo. Lisipoingia, Chifu, nifunge."

Nyanya alikuwa ameinua uso. "Huyo ndiye aliyenibeba," akasema kwa sauti iliyosikika uwanja mzima. "Miaka yote nawaambia ni dada, mnaniona mwehu."

Karani wa Chifu alikuwa ameshika kalamu. "Shahidi ana umri gani?" akauliza. "Niandike nini, mama... dada?" Masikini, alikuwa amechanganyikiwa.

"Andika mawe," Fundi akamwambia.

Chifu akamgeukia mfanyabiashara. "Kama hakuna kitu chini, una hofu gani?" Na yule bwana, watu wote wakimtazama, akafanya kiburi. "Vunjeni. Na mkikosa, hako kasichana katanipigia magoti hapa hapa."

Tulikwenda sote. Walivunja pembeni mwa mlango, wakachimba mkono mmoja. Vijana wawili walilibeba lile jiwe mpaka uwanjani, wakaliweka chini kando ya mwenzake, na Fundi akapiga magoti akazisogeza nusu mbili kwa mikono yake. Jino likaingia kwenye kishimo. Ufa ukafungika ukabaki mstari mwembamba kama mshono.

Nyanya alibaki na nyumba yake, na jiko lake, na choo chake. Chifu aliandika hivyo na kutia muhuri.

Siku iliyofuata Fundi hakufungua duka. Nilipita kwa mlango wa nyuma na chai, nikamkuta ameketi sakafuni, bila kilemba, bila miwani. Hakungoja nimuulize.

"Sikuomba," alisema. "Sikwenda kwa mganga, sikunywa kitu. Mume wangu alikufa, nikakaa eda, nikatoka. Nikajitazama kwenye kioo nikadhani ni huzuni imenikausha. Mwaka uliofuata nilikuwa vile vile. Wenzangu wakaanza kunenepa, kukunjika, kuitwa nyanya. Nikahama, nikarudi, nikahama tena. Hapa Makina nimeondoka mara tatu na kurudi mara tatu kwa jina jingine."

"Hukuwa na mtoto?"

"Mmoja. Mwanamume." Alishika kikombe bila kunywa. "Alipofariki alikuwa amebaki na meno mawili. Kwenye matanga nilikaa pamoja na wajukuu zake, kwa sababu ningekaa wapi? Mama mmoja akanishika bega akaniambia nisilie sana, eti mzee amekula chumvi ya kutosha."

Nitasema ukweli wangu. Kwa miaka mingi nilimwonea wivu. Kila nilipoongeza kilo, kila nilipopoteza jino, nilitazama shingo yake ile na moyo wangu ukanung'unika. Asubuhi hiyo nilitafuta ule wivu nikaukosa. Nilimshika mkono, tukakaa.

"Ungeweza kunyamaza," nikamwambia.

"Nilinyamaza kwa mwanangu," akasema. "Mara moja inatosha."

Mtu aliyekuwa barazani alikuwa amechukua video. Ilizunguka kwenye simu za watu, na kabla ya wiki kuisha hapakuwa na nafasi ya kupita mbele ya vibanda vyetu. Walikuja wanawake kutoka mitaa ya mbali ambao hata hawajawahi kukanyaga Kibera, wakitaka dawa. Alikuja mwanamume mwenye suti akitaka kumpandisha jukwaani. Fundi aliwajibu wote kwa jibu moja, kwamba anachojua ni kushona, na mwenye kitambaa akitoe. Hakuna aliyetoa kitambaa. Na minong'ono ile ya majini iliyokuwa midogo ikawa mikubwa. Ilikuwa karibu na Januari, na kwa mara ya kwanza hakuna mama aliyeleta mtoto kupimwa. Aliketi mlangoni na futi shingoni, watoto wakapita upande wa pili wa barabara, wakivutwa mikono. Nilimwona akiwatazama mabega.

Nyanya ndiye aliyemwambia aondoke. "Nenda, dada. Mimi niko kwangu."

Aliondoka Ijumaa asubuhi, cherehani na marobota yake juu ya mkokoteni. Alinishika uso kwa viganja viwili, akanitazama kama anayepima, hakusema anakwenda wapi. Nyanya alifariki mvua zilizofuata, usingizini, kitandani kwake, ndani ya kuta zake. Nilimwosha pamoja na majirani, na sikuwa na njia ya kumpelekea Fundi habari.

Mimi nami niliondoka Kibera. Akinyi wangu, ambaye sasa ni mwalimu, alisema kibanda kimeniua magoti, akanichukua nikaishi naye Riruta Satellite. Karibu miaka minne ilipita. Siku moja nilikuwa nikitoka sokoni Kawangware na mfuko wa viazi, nikakata njia ya mkato kupitia Kabiro, nikasikia sauti nyuma ya lango la ploti moja ya vyumba vya kupanga.

"Wee, mimi siwezi kupea kasichana nyumba hivi hivi!" Alikuwa mama mwenye ploti, mwanamke ambaye kule kwetu tungemwita mzee wa mji, kitambaa kichwani na funguo mkononi. "Kako peke yake, hakana bwana, hakana mtu. Kesho ni maneno. Ulete mzazi, ama uende."

Na mbele yake, kichwa kimeinama, bila miwani, bila unga, amevaa sketi ya kisasa na viatu vya raba, alisimama Fundi. Cherehani ilikuwa kando yake juu ya mkokoteni. Nilielewa mara moja kwamba ameacha kujizeesha; safari hii alikuwa amejaribu kuwa msichana tu, ikawa hilo nalo limemfungia mlango.

"Mama, mimi sina mzazi," alikuwa akisema. Alisema polepole, na niliona ni neno la kweli kabisa, labda la kweli kuliko yote aliyowahi kumwambia mwenye nyumba.

Nilisukuma lango. Viazi vilikuwa vizito na sikuvitua.

"Huyu ni wangu," nikasema.

Mama mwenye ploti akanigeukia. "Wewe ni mama yake?"

"Mimi ndiye."

"Na ulikuwa wapi saa hizo zote mtoto anahangaika na mkokoteni?"

"Nilikwenda kununua viazi," nikamwambia. "Nimemwambia anisubiri na hawezi kusubiri. Vijana wa siku hizi."

Fundi aliinua uso. Nitasema tu kwamba nimeona watu wengi wakipata habari njema, na sijaona uso kama ule.

"Ako na miaka ngapi?" mama mwenye ploti akauliza, sauti imelegea.

"Ishirini na sita," nikajibu bila kupepesa. "Kazi yake ni kushona, hana kelele, hana mchezo. Akikusumbua, mimi niko Satellite hapo, njoo uniite."

Akatukabidhi funguo. Tukaona chumba pamoja, tukaingiza cherehani, nikakagua dirisha na kufuli kama mzazi yeyote anavyokagua. Mama mwenye ploti alipotuacha, Fundi alikaa juu ya robota.

"Nyanya?" akauliza.

"Amepumzika. Kitandani kwake. Nilimwosha kwa mikono hii."

Akainamisha kichwa, akasoma dua yake kimya, mimi nikangoja. Hakulia. Akafungua viganja akajipangusa uso, akasema, "Alhamdulillahi, nyumbani kwake," kisha akainuka akachukua mfuko wangu wa viazi. "Nitakusindikiza."

Tulipita uani. Mama mwenye ploti alikuwa anafua karibu na bomba, akituangalia. Fundi akanishika kiwiko. "Taratibu, mama," akasema kwa sauti ya kusikika. "Hapa pana mtaro." Nikauvuka kwa mguu wangu mbaya, nikimwegemea, na hakuyumba.

Tukatoka langoni, tukapita mahindi ya kuchoma, tukapita kanisa la mabati, tukapanda mpaka barabara ya lami ambako hakuna aliyetujua wala kujali sisi ni nani. Nikadhani ataniachia mkono hapo. Alitazama magari huku na huku, akavuta kanga yangu iliyokuwa inaanguka, akaikaza begani.

"Twende sasa, mama," akasema, kwa sauti ya chini, ya kunitosha mimi peke yangu.